Mchezo wa Kigali

Kwa miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, APR, timu ya jeshi la Rwanda, iliondolewa katika michezo ya awali ya Klabu Bingwa Afrika, na kila mara iliyoiondoa ni timu ileile: Pyramids ya Misri.

Wengi hukumbuka usiku wa Cairo wa 2023, APR ilipofungwa mabao 6 kwa 1. Lakini kidonda hakikuanzia Cairo. Siku chache kabla, hapa Kigali, timu hizo zilitoka suluhu bila kufungana. Mwaka 2024 zilitoka 1 kwa 1, kisha APR ikafungwa 3 kwa 1 ugenini. Mwaka 2025 Pyramids, wakati huo bingwa wa Afrika, ilishinda 2 kwa 0 papa hapa, na 3 kwa 0 kwao. Michezo mitatu ya nyumbani, bao moja tu!

Wala si kwamba APR haiijui kazi hiyo. Agosti 2024 ilirudi kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa na Azam 1 kwa 0. Katika Uwanja wa Amahoro, uliofunguliwa upya Julai, ikalipiza 2 kwa 0 na kuvuka. Siku hiyo haikuwa na hiari ila kushambulia. Mbele ya Wamisri, kwa maoni yetu, sare ya nyumbani imehesabiwa kuwa heshima.

Watakapokutana tena, mwalimu wa APR na aupange mchezo wa Kigali kana kwamba amekwisha kufungwa bao moja.