Mwalimu Anapofuta Ubao

Msikilizaji, kwetu Pwani neno somo lina maana mbili: kinachofundishwa darasani, na yule mama anayemfunda mwari mambo ya mwili wake. Shuleni maana hizo bado zinakimbiana.

Mtazame mwalimu wa Baiolojia afikapo kwenye mada ya uzazi. Anachora mchoro, anataja viungo kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, tena inamsitiri. Wanafunzi wa nyuma wanachekacheka. Msichana mmoja anauliza, kwa Kiswahili, siku za hatari ni zipi. Mwalimu anafuta ubao. "Hayo mtasoma wenyewe."

Simlaumu sana. Naye ni mzazi, ni muumini, na anamhofia baba atakayekuja juu kwamba mwanawe anafundishwa uhuni. Wa kiume ndiye mwenye taabu zaidi: akizungumzia hedhi mbele ya wasichana, ataambiwa ana lake jambo.

Lakini anayelipia ukimya huo ni msichana: hadi Novemba 2021, mwanafunzi wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shule ya serikali, basi. Waraka wa serikali ukamfungulia mlango wa kurudi. Sasa anarudi, mtoto kamwachia bibi, anakaa dawati lile lile mbele ya mwalimu yule yule, na ubao unafutwa vile vile.

Mimi ningeanzia vyuo vya ualimu. Kabla ya kwenda mafunzo kwa vitendo, kila mwanachuo asimame mbele ya wenzake, aeleze hedhi na mimba kwa Kiswahili, ajibu maswali kumi, na asigeukie ubao.