MTEJA MKALI NA DAFTARI LA FUNDI

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa vijana waliohitimu ufundi wa magari, Dodoma)

 

Tunawapongeza vijana wetu kwa kumaliza mafunzo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini magari yameongezeka zaidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018. Kazi ipo. Hata hivyo, tumeona gereji ndogo zikifungwa ilhali fundi anaijua kazi yake vizuri. Kilichozifunga ni ugomvi na wateja.

Tuanze kwa kumwelewa mteja. Haoni kilichomo ndani ya injini. Anaambiwa kitu fulani kimekufa, anatakiwa kutoa fedha, na hana namna ya kuhakikisha. Wengi tunaowaita wakorofi ni watu wenye hofu ya kuibiwa.

Chukueni mfano wa gari linalochemsha. Fundi anabadilisha hosi ya maji iliyopasuka. Siku ya tatu gari linachemsha tena njiani kuelekea Mtera, na mteja anarudi akifoka kwamba ameharibiwa injini. Huenda silinda hedi ilikwisha kupinda kwa joto kabla gari halijafika gereji. Fundi angesema mapema, "Tunabadilisha hosi, lakini kwa kuwa gari lilichemsha, tupime na gasketi," neno hilo lingekuwa tahadhari. Likisemwa siku ya tatu, huonekana kisingizio.

Kwa hiyo tunawaomba mzingatie mambo manne.

Kwanza, andikeni kabla ya kushika spana: namba ya gari, kilomita, mafuta yaliyomo, mikwaruzo, vitu vilivyoachwa ndani, na tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kisha atie sahihi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, toeni makadirio ya gharama. Mkikuta ubovu mwingine, simamisheni kazi na mpigieni simu mwenye gari. Msifanye kwanza mkadai baadaye. Kila spea iliyotolewa arudishiwe mkononi aione.

Tatu, akifoka, mpeni kiti na msikilizeni hadi amalize. Fungueni daftari pamoja naye, kisha mkalijaribu gari barabarani pamoja. Kosa likiwa la fundi, kazi irudiwe bila malipo. Lisipokuwa lake, aeleze kwa upole, wala asikubali kosa lisilo lake ili mteja aondoke tu.

Nne, kuna asiyetaka kulipa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa fundi haki ya kukishikilia kitu alichokifanyia kazi mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo, kama hawakukubaliana vinginevyo. Lakini kushikilia si kuuza, wala kung'oa betri, wala kulitembeza gari la mtu mjini. Mkishampa funguo kwa ahadi, haki hiyo mmeiachia. Limebaki deni la kufuatilia. Ndiyo maana fedha ya spea ichukuliwe mwanzoni. Malipo kwa simu, yaliyoanza kuenea nchini tangu mwaka 2008, huacha ujumbe unaoonyesha nani alilipa, kiasi gani na lini.

Tunamalizia kwa kamati za sharika. Gari la usharika linapotengenezwa kwa mkopo, na deni likaambiwa lisubiri sadaka ya mavuno, kijana anakosa fedha ya kununulia spea za mteja anayefuata. Kumdai mchungaji wake anaona haya. Mteja wa namna hii hafoki, lakini ni mgumu kuliko anayefoka. Tunaomba kila kamati ihakikishe fedha ipo kabla gari halijapelekwa gereji, na kama kuna deni la zamani, liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho.

Nanyi marafiki mliochangia masanduku ya spana, mfahamu kwamba fundi asiyelipwa huishia kuuza spana zake. Zawadi yenu itadumu iwapo daftari litaandikwa na madeni yatalipwa.