Damu kwenye Choo cha Mtoto: Nauli Isiwe Kikwazo



Mwaka huu tunachangia jambo ambalo wazazi tunalionea haya: mtoto kutoa damu chooni bila kulalamika maumivu. Tunasema ni minyoo, au bawasiri. Tunampa dawa, tunangoja. Lakini kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, mara nyingi damu hiyo hutoka kwenye polipu, yaani kinyama laini kilichoota ndani ya utumbo mpana, kinachoning'inia kwenye kikonyo kama tunda. Kwa kawaida huwa kimoja tu, wala si saratani. Daktari hukiona kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, na papo hapo hukikata bila kupasua tumbo. Kikiachwa, mtoto anaweza kupungukiwa damu. Kichocho na amiba navyo huleta damu. Ndiyo maana tupime kwanza.

Mtoto wa Mtowisa au Matai ataanzia zahanati, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Sumbawanga. Akipewa rufaa ya Mbeya, ni zaidi ya kilometa 300 kupitia Laela na Tunduma, na mzazi lazima aandamane naye. Anayetegemea shamba la mahindi asilazimike kungoja mavuno ndipo apate nauli.

Mchango wenu utalipa nauli na malazi yao. Nasi wazazi, tukiona damu, tuseme mapema.

Karibuni tuchangie.