Mahali pa Kusafisha Uchafu Panapofanana na Dambo

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI:   

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo hakuna anayelipenda wakati wa kula: uchafu wa vyoo vyetu.

Kambi hii ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Ilipangwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Shimo la choo likijaa, unachimba lingine pembeni. Lakini pembeni anaishi jirani, na chini kuna maji ya kisima. Kipindupindu cha 2022 na 2023 hatujakisahau: Malawi nzima walikufa watu zaidi ya 1,700.

Basi uchafu huu lazima upate pa kwenda. Ila kila ukitaja mahali, watu wanajibu: sawa, lakini si karibu na sisi. Siwalaumu. Tunawaza ukuta mrefu, harufu na nzi.

Sasa fikiria dambo, lile bonde la majimaji lenye matete. Hakuna anayelikimbia. Na mahali pa kusafisha maji machafu panaweza kujengwa kwa kuliiga. Uchafu mzito unabaki kwanza kwenye tangi. Maji yanapita polepole katika kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Vijidudu vilivyoshika kwenye mizizi na kokoto vinakula uchafu. Chini panazibwa vizuri ili maji yasifike kwenye visima.

Nairobi, kwenye mkahawa wa Carnivore, walijenga kitu cha namna hiyo mwaka 1994, na ndege walikuwa wakitua humo. Karibu na sisi, pale Kauma, jiji la Lilongwe linatumia mabwawa: jua, mwani na vijidudu ndivyo vinavyofanya kazi.

Lakini tuseme ukweli. Majani mabichi hayafichi uzembe. Tope lisipotolewa kwenye tangi, kitanda kinaziba na harufu inarudi. Halafu mahali panapofanana sana na dambo, mtoto atakwenda kuchezea maji, mama atakwenda kulima mboga. Kwa hiyo uzio uwe wa mimea, mkonge kwa mfano, lakini uwe uzio kweli. Na kibao kiwe na Kichewa, Kiswahili na Kirundi, pamoja na picha kwa asiyesoma.

Siku wakikuletea mchoro wa mradi kama huu, usishangilie rangi ya kijani tu. Uliza maswali matatu. La kwanza: kiangazi upepo mwingi unatoka kusini-mashariki; nyumba zetu ziko upande gani? La pili: mvua ikizidi, maji yatateremka kuelekea kisima cha nani? La tatu: nani atalipwa kutoa tope, si mwaka wa kwanza tu, bali hata mwaka wa tano?

Waulizeni pamoja na chifu wa kijiji na akina mama wanaochota maji, kabla jembe la kwanza halijapigwa. Sisi wakimbizi huwa tunaona aibu kuuliza, kwa sababu ardhi si yetu. Lakini maji tunayokunywa ni mamoja na ya majirani zetu.

 

(Muziki unapanda.)