Babu Hakusafiri

Siku chache zijazo Mama Kanisa ataadhimisha sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kesho yake atawakumbuka Marehemu Wote. Kabla ya siku hizo mbili upo usiku wa tarehe 31 Oktoba, unaoitwa Halloween katika nchi za Wazungu, na ambao hatukudhani kwamba ungetuhusu sisi watu wa Karagwe na Kyerwa. Mwaka jana ulituhusu.

Familia moja changa, yenye watoto watatu ambao mkubwa wao alikuwa darasa la tatu, iliona katika simu jinsi binamu zao walioko Uingereza wanavyousherehekea usiku huo: watoto huvaa kama mizuka na wachawi, hupita nyumba hata nyumba, na kila mlango hutoa pipi. Watoto wakaomba nao wacheze. Mama yao akakata maboksi, akatoboa macho, akachora meno kwa mkaa. Giza lilipoanza kuingia, wakavaa barakoa zao, wakapita katikati ya migomba hadi nyumbani kwa bibi yao na kubisha hodi. Katika kibanja hicho hicho, hatua chache kutoka mlangoni, babu yao alikuwa amezikwa miezi sita tu iliyotangulia. Bibi alifungua mlango, akapiga yowe, akaanguka na kuteguka mkono. Majirani walifika mbio wakiwa na fimbo, nasi tunamshukuru Mungu kwamba mmoja wao alikuwa na tochi.

Kesho yake, baada ya Misa, ukoo mzima ulifika kwetu. Wazee walitaka mkwe wao atozwe mbuzi. Katekista, mtu mwema lakini mkali, alitaka tumzuie asipokee Ekaristi kwa kuwa amewafundisha watoto ibada ya shetani. Yule mama alikuwa akilia tu. Ndipo mtoto mdogo kuliko wote, aliyekuwa amekaa sakafuni akichezea kofia ya babu mmoja, alipoinua uso akauliza: "Padre, babu atarudi lini? Mama alisema amesafiri."

Hakuna aliyejibu. Wote waliokuwamo chumbani, nasi pia, tulikuwa tumehudhuria mazishi yale. Mtoto yule alikuwa amepelekwa kwa jirani siku ile asione jeneza.

Hebu tuseme kwanza neno juu ya barakoa, tusije tukadhaniwa tunazitetea. Jina la Halloween lenyewe ni la Kikristo, maana yake ni mkesha wa Watakatifu. Sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienea Ulaya Magharibi katika karne ya 9, na siku ya Marehemu Wote ilienezwa na watawa wa Cluny, huko Ufaransa, kufuatana na agizo la abati wao Mtakatifu Odilo, yapata miaka elfu moja iliyopita. Wairlandi waliokimbilia Marekani wakati wa njaa kuu ya karne ya 19 walikwenda na desturi zao za mkesha huo, na huko wafanyabiashara wakaukuta, wakauvika mavazi ya kuuzwa dukani. Hata maboga huchongwa uso na kuwashiwa mshumaa ndani. Nasi huku tunajua boga ni la kupikwa! Basi yule mama hakumwabudu shetani. Lakini tunaishi Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mahali kama hapo, kumvika mtoto sura ya uchawi na kumtuma gizani si mchezo, na zile fimbo za majirani zingeweza kutuletea msiba wa pili.

Hata hivyo, barakoa ya boksi ilichomwa jikoni asubuhi ile ile. Neno "amesafiri" lilikuwa limekaa ndani ya mtoto kwa miezi sita.

Ndugu zangu, neno hilo tunalifahamu sana katika mkoa wetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera. Sisi tulikuwa wavulana wakati ule, na katika miaka iliyofuata tuliona makaburi yakiongezeka kwenye vibanja, mengi yakiwa ya wazazi vijana. Watoto wao waliambiwa kwamba mama amekwenda Mwanza, kwamba baba yuko kazini. Mdogo wa rafiki yetu mmoja alikuwa akienda kuketi barabarani kila jioni basi lilipopita, akiwatazama wanaoshuka. Alifanya hivyo muda mrefu. Hakuna mtu mzima aliyekuwa na moyo wa kumwita arudi nyumbani na kumwambia, na sisi tuliokuwa tukimpita na madaftari yetu tulijua ukweli tukanyamaza.

Tunasema watoto hawawezi kubeba habari za kifo. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Uganda, Mtakatifu Kizito alikuwa na umri wa miaka ipatayo 14 alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, siku chache tu baada ya kubatizwa na Mtakatifu Karoli Lwanga. Hatusemi kila mtoto awe Kizito. Twasema tu kwamba Lwanga hakumficha kilichokuwa mbele yao.

Basi wazazi, na ninyi makatekista mnaofundisha Komunyo ya Kwanza: tangu tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa masharti ya kawaida, kwa mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea. Nendeni na watoto, mchana, si usiku. Wapeni majembe madogo wapalilie. Watajieni jina la aliyelala pale, na jina lake la ubatizo, na kazi aliyoifanya. Wakiuliza kama mwili unaoza, jibuni ndiyo. Kisha waambieni tunachokiungama kila Dominika juu ya ufufuko.

Mbuzi hakutozwa. Mkwe alipiga magoti mbele ya bibi, naye akamwinua kwa mkono uliokuwa mzima. Alasiri ya siku ile tulikwenda kibanjani sote, na baba wa mtoto, kwa sauti ya kukwamakwama, akamwambia mwanawe kwamba babu hakusafiri, bali amekufa, na amelala hapa. Mtoto alitazama udongo kwa muda. Akauliza nani aliyepanda mgomba uliokuwa karibu na kaburi. Bibi akasema ni babu. Akauliza tena kama ndizi zake zinaliwa.

"Zimekomaa," bibi akasema, akamtuma mkubwa wao alete panga.