Transfoma za Kushusha Umeme: Laivu, Nyutro na Ethi



Tunaomba tuzungumzie kitu ambacho ni nadra kutajwa katika maombi ya miradi: transfoma ya kushusha umeme. Vifaa vingi tunavyopokea kutoka Marekani, kuanzia mashine za kudurufu hadi mashine za oksijeni za zahanati, hutumia volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Transfoma ikiwekwa na kifaa kikawaka, watu husema, "Imekubali," wakaondoka. Lakini kuwaka si ushahidi kwamba nyaya zimeungwa sawasawa.

Transfoma nyingi za bei nafuu zina koili moja tu. Upande wa kuingiza na wa kutoa umeme hutumia waya mmoja kwa pamoja, nao unatakiwa uwe nyutro. Laivu na nyutro zikibadilishana, waya huo huwa laivu. Mita bado itasoma 120 kati ya matundu mawili ya kutolea, ila ukipima kila tundu na ardhi utakuta moja lina volti 230 na jingine kama nusu yake. Muuguzi akizima swichi ya mashine ili aipanguse, ndani bado kuna umeme. Kama ethi haipo, hana kinga.

Kosa huanzia wapi? Mara nyingi kwenye plagi ya pini mbili za duara. Tunajua inavyofanyika: tundu la juu la soketi linachokonolewa kwa kalamu, plagi inasukumwa. Inaingia hata ikigeuzwa, tena bila ethi. Chanzo kingine ni rangi. Kwa Wamarekani waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro. Katika majengo yetu ya zamani mweusi ndio nyutro, na mwekundu laivu. Fundi mzuri kabisa anaweza kukosea hapo.

Basi kamati zikate plagi hizo na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi. Fundi apime kwa mita, testa peke yake haitoshi, na ahakikishe waya wa ethi unafika kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini.

Wafadhili, kwa zahanati tunaomba transfoma zenye koili mbili zilizotenganishwa, na malipo ya fundi yawemo kwenye bajeti. Tena, transfoma haibadilishi hezi 60 kuwa 50. Mashine ambayo kibao chake kinataja 60 pekee, tuulizeni kabla haijapakiwa kwenye kontena.