Kuatamisha Mayai na Kulea Vifaranga Nyumbani



Hapa Shinyalu mgeni hajakirimiwa mpaka ameandaliwa kuku; walakini wengi wetu huwaachia kuku wajitunze wenyewe, kisha twalalamika mwewe na kideri wanapowamaliza.

Mayai ya kuatamiwa yasizidi siku 7 tangu kutagwa, wala yasioshwe. Kuku mmoja apewe 10 au 12, kadiri awezavyo kuyafunika. Siku ya 7 tuyamulike usiku kwa tochi: lenye mishipa ya damu lina uhai, lisilo na kitu liondolewe. Siku ya 21 vifaranga hutoka. Tuwafungie majuma manne mahali pakavu penye joto, wapate chakula na maji safi.

Lakini kideri hakijui mpaka wa shamba. Mmoja akichanja na jirani asichanje, ugonjwa hubaki kijijini. Tena chupa moja ya chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, na ikisha kuchanganywa haiwekwi. Basi twawaomba kila nyumba ichange kidogo, tuchanje sote siku moja kila miezi mitatu, kabla kuku hawajaanza kufa. Karo ya watoto wengi imo katika matundu hayo.